Kiwanja cha makazi ya wazee kitengwe katikati ya mtaa, si porini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwaombe wataalamu wa mipango miji wa Manispaa ya Kigamboni, pamoja na wenzao wa manispaa nyingine za pembezoni mwa Dar es Salaam, watenge viwanja vya makazi ya pamoja ya wazee ndani ya mitaa tunayoishi, karibu na soko, zahanati na kituo cha daladala. Kutenga kiwanja peke yake hakunipi hofu. Kinachonitia hofu ni mahali kitakapotengwa, maana ardhi nzuri ina wagombea wengi na mzee si mmoja wao.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kibada. Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliopima Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni, Bunju na kwingineko. Wengi tuliopata viwanja tulikuwa watumishi wa umri wa miaka 40 na 50. Tukajenga kama Watanzania tunavyojenga: msingi mwaka huu, boma baada ya miaka miwili, bati kwa mkopo wa SACCOS, na kiinua mgongo kikaja kumalizia madirisha na geti. Nyumba tulizipigia hesabu ya baba, mama, watoto watano na wageni kutoka mkoani. Watoto wamekua, wako Mwanza, Dodoma, wengine Kanada. Wageni wamepungua. Zimebaki nyumba kubwa zenye mtu mmoja au wawili wa miaka 70.

Mtaani kwetu yupo mama mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne. Analala kwenye kile chumba kidogo cha dada wa kazi, kilicho jirani na jiko, kwa sababu chumba chake cha masta kina ngazi mbili za kushuka na choo chake kimewekwa vigae vinavyoteleza. Makochi ya sebuleni kayafunika mashuka. Saa kumi na mbili jioni anaanza kufunga makufuli: geti, mlango wa grili, mlango wa mbao. Dada wa kazi hubadilika kila baada ya miezi michache, na kuna miezi hayupo kabisa. Watoto wake hawajamtupa hata kidogo. Wanapiga simu, wanatuma pesa, wakija likizo wanajaza friji. Lakini usiku alipoanguka bafuni alikaa sakafuni mpaka muuza maziwa alipogonga geti asubuhi, akakosa jibu, akaita majirani. Tulimkuta anatetemeka, amejifunika taulo.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa nchi yetu ina karibu watu milioni 3.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo tegemeo la kwanza la mzee na makazi ya taasisi yawe kimbilio la mwisho. Nakubaliana nayo. Ila sera hiyo ilituachia milango miwili tu: nyumbani kwako, au makazi ya serikali ya wazee wasiojiweza. Mama wa mtaani kwetu haingii kwenye mlango wa pili. Ana pensheni, ana nyumba, ana watoto, ana akili timamu. Anachokosa ni watu wa karibu, na choo salama.

Ninachokiomba ni cha katikati. Vyumba kumi na tano au ishirini vya ghorofa ya chini, kila kimoja na choo chake na jiko dogo la kuchemshia chai, mlango wenye ufunguo wa mwenyewe. Kisha jiko kubwa moja na ukumbi wa kulia, ambako chakula cha mchana kinapikwa na kuliwa pamoja. Mlinzi mmoja badala ya kila mtu na mlinzi wake. Muuguzi anayepita mara mbili kwa wiki kupima presha na sukari. Pamoja na hayo, vitu visivyogharimu sana vikifikiriwa mapema: milango ya upana wa sentimita 90, njia ya mteremko mahali pa ngazi, vyuma vya kushika chooni, vigae visivyoteleza, taa ya kuwaka usiku kutoka kitandani hadi chooni, kengele ya kuvuta kwa kamba. Mchoraji akiviweka kwenye ramani, fundi atavijenga. Akivisahau, kuja kubomoa baadaye ni gharama mara nyingi zaidi.

Najua wazo hili likitajwa watu wanashtuka, na sababu yake tunaifahamu. Kigamboni hapa hapa tuna makazi ya wazee ya Nunge. Nunge, kama Bukumbi ya Misungwi, ilianza kama kambi ya wagonjwa wa ukoma, na kambi za ukoma ziliwekwa mbali na watu kwa makusudi. Ukoma ukapata tiba, wazee wasio na pa kwenda wakahamia humo, ila umbali ukabaki pale pale. Kwa miaka mingi Mtanzania akisikia "makazi ya wazee" anaona picha ya mtu aliyepelekwa mbali akasahaulika. Wafanyakazi wa makazi yale wanajitahidi, na wanastahili shukrani yetu. Lakini tukipewa eka tano za bure kule ambako bajaji inakataa kwenda mvua ikinyesha, tutakuwa tumejenga kambi nyingine.

Wenzetu walioanza mapema walilitambua hili. Uingereza, Richard Carr-Gomm, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alinunua nyumba ya kawaida Bermondsey, London, akaishi humo na wazee wachache waliokuwa wapweke, kila mmoja na chumba chake na chakula cha pamoja. Mwaka 1956 likazaliwa shirika la Abbeyfield, ambalo lipo mpaka leo. Ilikuwa nyumba ya mtaani, jirani na nyumba nyingine. Singapore nayo ina Kampung Admiralty, jengo la serikali lenye nyumba ndogo 104 za wazee. Chini yake kuna uwanja wa wazi na mabanda ya chakula, juu kuna kliniki, na humo humo kuna kituo cha kulelea watoto wadogo. Sisi hatuhitaji ghorofa la namna hiyo. Ila mpangilio wake tunauweza: mzee anashuka, anakuta watoto wanacheza, ananunua chakula, anapimwa presha, anarudi ndani, bila kupanda gari lolote.

Hapo ndipo naiona Kibada. Daraja la Nyerere tangu 2016 limetusogeza mjini, na bei za viwanja zimepanda. Kila eneo la wazi lina macho juu yake: mwenye sheli analitaka, mwenye ukumbi wa harusi analitaka. Kwa hiyo kiwanja cha wazee kisipoandikwa kwenye mchoro wa mipango miji kama matumizi ya umma, kikapewa namba na mipaka, hakitapatikana kamwe. Kiwe mahali ambapo mzee mwenye fimbo anaweza kutembea mwenyewe mpaka sokoni, msikitini au kanisani, na akikaa barazani watu wampitie. Mzee anayeonekana kila siku hasahauliki.

Kuhusu fedha, wengi wetu hatutahitaji kubebwa na serikali. Nyumba yangu ikipangishwa, kodi yake ikijumlishwa na pensheni, italipa chumba, chakula na mlinzi. Kikwazo kikubwa ni familia. Mtoto akisikia mama anahama, hofu yake ya kwanza ni kwamba nyumba inauzwa au kuna mtu anamrubuni mzee. Nimekaa kwenye vikao vya mirathi vya kutosha kujua hofu hiyo haitokani na ubaya. Basi mkataba uandikwe wazi kwamba hati ya nyumba inabaki kwa mwenyewe, kodi inaingia kwenye akaunti yake, na anaweza kurudi kwake akitoa taarifa ya mwezi mmoja. Watoto waitwe, wasome, waweke sahihi kama mashahidi. Anayetaka kununua chumba chake badala ya kupanga, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake huku ukumbi na uwanja vikiwa vya wote. Kwa wazee wasio na pensheni, vyumba vichache vilipiwe na halmashauri, na wasitengwe kwenye jengo lao peke yao.

Wapo watakaosema mila zetu haziruhusu. Nimelelewa na bibi yangu na nimemlea mama yangu mpaka siku yake ya mwisho, kwa hiyo mila hizo nazijua kwa mikono yangu. Lakini mama alikaa kwenye nyumba yenye watu tisa, na jirani alikuwa anapita kwenye uwanja wetu kwenda kuchota maji. Hakuna saa aliyokuwa peke yake. Sisi tumezunguka nyumba zetu kwa kuta za futi saba na nyaya za umeme juu.

Naiomba manispaa, kabla haijapitisha mchoro mwingine wowote wa upimaji, iite mabaraza ya wazee ya kata, iweke ramani mezani na ituulize tunashindwa kufika wapi. Mkutano ufanyike asubuhi, kwenye ofisi isiyo na ngazi. Na wenyeviti wa mitaa ambao bado wana eneo la wazi lisilovamiwa, naomba walitaje kwenye mkutano huo kabla halijapata mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam.