Koreleshoni mbili hazilinganishwi kwa macho

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na leo nimeamua kuandika ju kuna kitu kinanikera. Kila mara mtu akileta ripoti kwamba koreleshoni (namba inayoonyesha vitu viwili vinaenda pamoja kwa kiasi gani) ya hiki na kile ni 0.62 upande huu na 0.45 upande ule, mnachapa kwamba uhusiano wa huku ni mkubwa kuliko wa kule, basi, hakuna kuuliza waliopimwa ni wangapi, hakuna kuuliza kama hiyo tofauti ni ya ukweli ama ni bahati tu. Si nyinyi pekee yenu. Hata ofisini ni hivyohivyo, mkubwa anaona namba mbili, moja imezidi nyingine, anasema andika, na mimi wacha nikiri nimeandika sana hizo.

Aliyenifanya nijirudi ni shemeji yangu wa chai. Ana kibanda Umoja karibu na steji, chai na mandazi, halafu akafungua kingine Donholm. Ni mtu wa daftari huyo. Saa kumi na mbili asubuhi anaangalia joto kwa simu, jioni anahesabu vikombe vilivyouzwa, anaandika kwa kalamu nyekundu, na ukurasa una alama za mafuta ya mandazi hadi pengine nane na tatu huwezi kuzitofautisha. Umoja aliandika siku 28 za Juni na Julai, Donholm siku 28 za Agosti, na baridi ya Nairobi miezi hiyo mnaijua. Akaniletea daftari Jumapili tukitoka kanisani nimuwekee kwa kompyuta. Umoja ikatoka 0.62, Donholm 0.45. (Zote ni za minus, manake joto likishuka chai inapanda, lakini nitaiacha hiyo minus nisiwachoshe.)

Akaniuliza, "Sasa shem, si hiyo inaonyesha baridi inasukuma watu wa Umoja kuliko wa Donholm? Asubuhi za baridi jiko la pili nilipeleke Umoja?"

Nilikuwa nishafungua mdomo niseme ndio.

Shida ya koreleshoni ni kwamba ina ukuta. Haiwezi kupita 1, haiwezi kushuka chini ya minus 1. Kwa hivyo ukichukua sampuli nyingi ndogondogo za kitu chenye koreleshoni ya juu, majibu hayatawanyiki sawasawa pande zote mbili, yanabanana upande wa ukuta kama abiria wa matatu mlango ukifungwa, na upande wa chini yanaburura mkia mrefu. Ndio maana 0.05 ya juu si sawa na 0.05 ya chini. Kutoka 0.10 hadi 0.15 ni hatua ndogo sana, kutoka 0.90 hadi 0.95 ni hatua kubwa mara saba hivi ukiipima vizuri, na kwa macho zinafanana kabisa.

Aliyetengeneza dawa ya huo ukuta ni Mwingereza mmoja, Ronald Fisher. Mwaka 1915 alitoa hesabu ya jinsi koreleshoni ya sampuli inavyotawanyika, kwenye jarida la Biometrika lililokuwa mkononi mwa Karl Pearson, yule yule ambaye koreleshoni tunayotumia imebeba jina lake (baadaye walikosana vibaya hao wawili, lakini hiyo ni stori ya siku ingine), na mwaka 1921 akaendeleza zaidi hii njia ya kuigeuza. Unachukua 1 ukijumlisha koreleshoni, unagawanya kwa 1 ukitoa koreleshoni, unatafuta logi asilia yake (ile ya ln kwa kikokotoo), unakata nusu. Jibu linaitwa z. Ule ukuta unapotea, mtawanyiko unakaa karibu na ile kengele ya kawaida (majibu mengi katikati, machache pande zote mbili sawasawa), na kitamu zaidi ni kwamba kosa lake, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kuyumba kwa bahati tu, halitegemei tena koreleshoni yenyewe ni kubwa ama ndogo, linategemea tu idadi. Unatoa 3 kwa idadi, unatafuta kipeuo cha pili cha hiyo iliyobaki, unagawanya 1 kwa hilo.

Siku 28 toa 3 ni 25, kipeuo chake 5, kwa hivyo kosa ni 0.2. Hesabu ya darasa la nane hiyo. Sasa 0.62 ya Umoja inakuwa 0.725 na 0.45 ya Donholm inakuwa 0.485, tofauti 0.24. Kosa la tofauti, ukiunganisha ya vibanda vyote viwili (kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili), ni 0.28. Gawanya, unapata 0.85, na ili tuseme kwa ule uhakika wa kawaida wa asilimia 95 kwamba vibanda vinatofautiana ilifaa ifike 1.96. Haiko hata nusu.

Ukirudisha kwa koreleshoni ya kawaida, ya Umoja kwa ukweli inaweza kuwa popote kati ya 0.32 na 0.81, na ya Donholm kati ya 0.09 na 0.70. Angalieni ile ya Umoja, kutoka 0.62 imeshuka 0.30 lakini imepanda 0.19 peke yake, ukuta huo. Na hapo nimemhurumia shemeji, ju siku zinafuatana, baridi ya jana na ya leo ni ndugu, kwa hivyo hizo 28 kihalisi zina uzito wa siku chache zaidi.

Nilimwambia kama namba zingebaki vilevile angehitaji kuandika siku kama 136 kila kibanda ndio tofauti ionekane. Akacheka akasema, "Shem, kufika hapo baridi si itakuwa imeisha?" Sikuwa na jibu.

Kitu kingine, hii njia ni ya makundi mawili tofauti. Kama ni watoto walewale, mnalinganisha hisabati na Kiswahili halafu hisabati na sayansi, hesabu ni nyingine, msiitumie hii.

Ombi langu ni dogo Mhariri. Mkichapa koreleshoni, chapeni na idadi ya waliopimwa pembeni yake, hata kwa herufi ndogo. Mkipewa mbili mlinganishe, mpeni kijana mmoja hapo dawati afungue Excel, kuna fomula inaitwa FISHER, anaandika =FISHER(0.62) inageuza yenyewe na FISHERINV inarudisha, ni kazi ya dakika mbili, chai yake haijapoa. Mkikosa idadi, basi hilo neno "zaidi" liacheni.

Jiko la pili shemeji alilipeleka Donholm. Sababu aliyonipa ni kwamba Umoja kanjo (askari wa jiji) wanasumbua.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi