Alama nilizompa mjomba wa Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Nafundisha ujasiriamali katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Naomba nafasi nikiri kosa nililofanya muhula uliopita.

Nilikipa kila kikundi shilingi 50,000, wakafanye biashara wiki mbili, na faida ndiyo iwe alama. Wanafunzi walichaguana wenyewe. Hapo ndipo nilipoteleza. Kikundi kimoja kilirudi na 210,000. Hela yangu hata hawakuigusa. Mjomba wa mmoja wao ana duka la vitenge Kariakoo, akawapa mzigo kwa mali kauli, yaani chukua kwanza, lipa ukishauza, wakawauzia shangazi zao maofisini. Wengine, vijana wa Katavi na Kigoma ambao Dar nzima wanamjua mwenye nyumba wao tu, walinunua matikiti Mabibo. Mvua ikapiga siku tatu. Wakarudi na 31,000.

Wale niliwapa 90, hawa 45. Daftari la matikiti nililisoma baadaye: kila kipande kimeandikwa, bei imeshushwa kila jioni, hasara imepigiwa hesabu. Wale wa vitenge hawakuwa na daftari. Zile 90, kwa kweli, ni za mjomba.

Yupo pia binti ambaye mama yake ni mama lishe Buguruni. Hakuwahi kulitaja hilo darasani, nadhani kwa aibu. Siku tunajadili wateja wanaokopa, akanyanyuka: fundi akipitisha siku tatu hajalipa, mama hamgombezi, anampunguzia nyama mpaka akumbuke mwenyewe. Darasa likacheka. Mimi nikaandika.

Tunafundisha andiko la biashara kana kwamba wote wameanzia mstari mmoja. Hata ile mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, hutolewa kwa vikundi, na kikundi ni watu wanaojuana na kuaminiana. Mgeni wa jiji atajiunga na nani? Vyuo vingewatafutia wanafunzi wa namna hiyo wafanyabiashara wa kukaa nao dukani wiki kadhaa, wajulikane kwa sura na kwa jina, maana mali kauli haitolewi kwa cheti.

Muhula huu vikundi napanga mimi. Yule mjomba nimemwomba aje darasani Alhamisi. Amesema atakuja akipata mtu wa kumshikia duka.

Mwalimu wa ujasiriamali,
Ubungo, Dar es Salaam