Mbona leza imesoma kopa ndogo kuliko iliyopo?

Mteja analeta kipande cha brasi (mchanganyiko wa kopa na zinki), tunakipiga leza kujua kina kopa asilimia ngapi, halafu anatuuliza mbona kwingine alipewa asilimia tofauti kabisa na mzigo ni ule ule. Ana haki ya kuuliza maana hapo kuna hela yake, na mara nyingi chanzo ni plasma, yaani gesi ya moto mkali inayotokea leza ikipiga metali, kumeza mwanga wake yenyewe.

Iko hivi. Leza inapiga kwa nanosekunde chache tu, pale ilipogusa metali inageuka plasma, joto linafika kelvini 10,000 hivi, na kila elementi inatoa mwanga wa mistari yake, yaani rangi zake maalum zinazopimwa kwa urefu wa wimbi. Kopa ina miwili mikali sana, nanomita 324.75 na 327.40, wapimaji wengi wanaipenda kwa sababu inaonekana hata kopa ikiwa chembe tu. Shida ni kwamba plasma haina joto sawa kote, katikati inawaka, pembeni imeshapoa, na huko pembeni kumejaa atomu za kopa zilizotulia kwenye nishati ya chini kabisa ambazo zinadaka mwanga wa mistari hiyo hiyo kabla haujafika kwenye spektromita, kile kifaa kinachopima mistari. Kwa hiyo kopa ikizidi mwanga hauongezeki inavyotakiwa, kilele cha mstari kinakuwa bapa na kutanuka, saa nyingine kinabonyea katikati mpaka unadhani ni mistari miwili. Kopa ikiwa kidogo haisumbui, ila kwenye brasi ya asilimia 60 au 70 ndo utaona balaa, na aliyefanya kalibresheni (kuweka kipimo sawa kwa vipande ambavyo asilimia yake inajulikana) kwa sampuli zenye kopa kidogo atakusomea chini.

Kuligundua si kazi. Mstari wa 324.75 unatakiwa uwe na nguvu karibu mara mbili ya 327.40, ukiona vinakaribia kulingana basi mwanga umemezwa, namba hiyo usiipangie bei kabisa!

Sisi mzigo wenye kopa nyingi tunausoma kwenye mistari mingine ya kopa, 515.32 na 521.82. Hii inamezwa na atomu zilizoko kwenye nishati ya juu, eV (kipimo cha nishati ya atomu) 3.8 hivi, na kule pembeni palipopoa atomu za namna hiyo ni chache mno. Halafu kalibresheni tunafanya kwa brasi zinazofanana na yako, sio kopa tupu.

Ukija kupima tuambie unadhani ni metali gani, na popote utakapopimiwa omba na grafu ya mistari, usikubali karatasi ya asilimia peke yake.