Nilimfukuza binti wa watu bure. Sasa nimrudishe, au nibaki na mtoto wa khalati?

Kwako Mshauri,

Salaam aleikum. Majibu yako nayasoma siku zote, mengi huwa ya ndoa na mirathi. Langu ni la biashara, lakini limeingia mpaka chumbani, na wa kumwambia hapa mtaani sina, kwa sababu kila ninayemfikiria yumo ndani ya kisa.

Mimi ni mama wa miaka 41. Nauza mahamri, mbaazi, viazi karai na chai hapa Majengo, Mombasa. Nilianza na jiko la makaa mlangoni kwetu, sasa nina chumba cha kukodi, makarai mawili, meza nne na mtungi wa gesi. Unga naukanda saa nne usiku, mifuko sita ya kilo mbili mbili, na kila mfuko hunitolea mahamri 40. Wanaotangulia kununua ni wanaotoka msikitini alfajiri, wakifuatiwa na madereva wa tuktuk, kisha wanafunzi. Saa tatu ikifika sinia ni tupu. Jikoni niko mimi na mama jirani, na huko sina shida. Shida yangu ni mtu wa mbele, yule anayeuza, anayepokea pesa na kutoa chenji.

Wa kwanza alikuwa kijana. Nilimwondoa baada ya miezi miwili kwa sababu kikopo cha pesa nilikiona chepesi. Sikuhesabu, nilikipima kwa mkono tu. Huyo alihamia Malindi na nambari yake haipatikani tena.

Baada yake nikabandika karatasi ya manila mlangoni: ANATAKIWA MSICHANA WA KUUZA, AWE MWAMINIFU. Nikaiweka na kwenye status ya WhatsApp. Jioni simu yangu ilikuwa na meseji zaidi ya 90. Mmoja alikuwa na digrii ya biashara, nikaona haya hata kumjibu. Waliofika wenyewe walikuwa 11. Niliwakalisha kwenye benchi nikawauliza mmoja mmoja, "Wewe mwaminifu?" Mshauri, wote 11 ni waaminifu. Mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia, "Hapana mama, mimi mkono mrefu."

Nikamchagua binti mmoja wa Likoni. Sitakuficha sababu: alikuwa mkimya na buibui lake lilikuwa safi. Basi. Kama angekuwa hajui kuhesabu mpaka kumi, ningemwajiri vilevile.

Bahati yangu alijua. Alikuwa akivuka feri gizani na saa kumi na moja yuko mlangoni kabla sijafungua kufuli. Kabla ya kutoa chenji alikuwa akiitamka hesabu kwa sauti, mteja asikie: "Umenipa mia tano. Mahamri sita, sitini. Mbaazi arobaini. Mia. Mia nne zako hizi." Mteja wa M-Pesa akimwonyesha meseji kwenye simu yake, yeye haitazami, anangoja simu yetu ilie. Kuna bwana mmoja alikuja na meseji ya kughushi siku ya foleni ndefu, akasimama pale mpaka aibu ikamwondoa. Mimi ningempa chai yake akaenda.

Akafanya kazi kwangu miezi minane. Mwezi wake wa saba mafuta na unga vilipanda, mume wangu akaniambia, "Hebu hesabu hayo mahamri yako, wajua yaenda wapi?" Nikahesabu. Mahamri 240 kwa shilingi kumi ni 2,400. Kwenye kikopo na kwenye simu, nikitoa za mbaazi, viazi na chai, jumla ni 2,080. Kesho yake 2,100. Siku ya tatu 2,070. Nikamkata malipo kidogo kidogo, mwezi ule nikamkata jumla ya shilingi 2,600. Pengo likabaki palepale. Asubuhi moja nikamfukuza mbele ya wateja. Hakulia wala hakujibizana. Alisema neno moja tu: "Mama, waulize wote." Nikaliona ni ujeuri.

Hapo ndipo khalati yangu, dada wa mama, alipoingia. "Wahangaika na watoto wa watu, na mwanangu yuwakaa tu nyumbani?" Kijana ana miaka 24, ana adabu, ana ulimi wa asali, wateja wanampenda. Nikamweka. Siku ya kwanza pengo shilingi 340. Siku ya pili 310. Nikasema labda ni ugeni. Wiki ya tatu ikawa zaidi ya 500, na mia na zaidi za juu nikajua ni za nini: rafiki zake wanakunywa chai kwa mahamri na kusema "niandikie," naye haandiki. Lakini zile mia tatu na ushei za chini, zilezile za wakati wa binti, zilinikosesha usingizi. Wawezaje watu wawili wasiojuana kuiba kiasi kimoja?

Jibu nililipata nikibadilisha mtungi wa gesi. Nyuma yake kulikuwa na daftari dogo la kurasa 32, limeingia mafuta pembeni. Maandishi ni ya binti. Kila siku ina mstari wake. Nakunakilia mmoja: "Jumanne. 240. Baba 8. Bibi 10. Chuoni 12. Mama 2. Zimebaki 208."

Baba ni mume wangu, anayepitia asubuhi kuchukua ya barazani. Bibi ni mama mkwe, humtuma mtoto wa jirani na bakuli. Chuoni ni ya watoto wa chuo cha Kurani, nilisema mimi mwenyewe wapelekewe kila siku, nikasahau kwamba nilisema. Mama ni mimi, na chai yangu. 32 kwa kumi ni 320. Niliketi juu ya mfuko wa unga nikasoma daftari zima, na kila nilipofungua ukurasa niliona jina la mtu wa nyumbani kwangu.

Nilimpigia simu, na nashukuru alipokea. Nikamuuliza kwa nini hakunionyesha. Akasema, "Ningeanzaje mama, kukushtakia mumeo na mkweo? Ningeonekana mchonganishi." Sasa anafanya kazi kwenye duka la M-Pesa huko kwao. Nilipomwomba arudi alinyamaza kidogo, kisha akasema atarudi kwa mambo matatu: arudishiwe 2,600 zake, apewe barua ya kazi, na kila anayechukua hamri bila kulipa aandike mwenyewe daftarini, hata Baba.

Nikampelekea mume wangu habari. Akacheka, kisha akanuna. "Tangu lini mfanyakazi akampa tajiri masharti?" Ya 2,600 amekubali. La daftari hataki kulisikia. Mama mkwe bado sijamwambia.

Kuna mteja wangu anayefanya kazi ya uhasibu, nilimweleza kidogo tu, akaniharibia siku. Kumbe kwa Sheria ya Ajira ya 2007, mtu wa kuajiriwa miezi mitatu au zaidi lazima awe na mkataba wa maandishi. Majaribio nayo yanaruhusiwa mpaka miezi sita, na katika muda huo kila upande unaweza kumaliza kwa notisi ya siku saba. Mimi nilikuwa na miezi minane na sina hata karatasi. Kufukuza mtu kwa kosa, lazima kwanza aelezwe kosa lake na asikilizwe, na ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini pale. Mimi nilikuwa na foleni ya wateja wanaotazama. Kukata pesa zilizopungua kunaruhusiwa pale tu ambapo mkataba umesema mtu huyo amekabidhiwa pesa na zimepotea kwa uzembe au udanganyifu wake. Na mshahara! Nilikuwa nikimpa 500 kwa siku, siku 26, ni 13,000, nikijiona mkarimu. Kima cha chini kilichotangazwa 2024 kwa miji kama wetu kilishavuka 16,000 hata kwa kibarua wa kawaida. Na juu ya hapo kuna SHA ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara, tozo ya nyumba asilimia 1.5 yake na 1.5 yangu, na NSSF ya akiba ya uzeeni. Nimepiga hesabu mara mbili. Naweza, lakini kwa shida, na naweza kwa mtu mmoja wa mbele, si wawili.

Hapa ndipo panaponibana. Kuna ofisi moja upande wa Buxton inataka mahamri 150 kila asubuhi kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, kwa risiti, malipo kila wiki mbili. Hiyo si kazi ya ulimi wa asali. Inataka mtu wa kuandika, wa kudai deni bila kugombana, wa kujua kwamba leo yametoka 150 na yamefika 150. Nikimweka mtoto wa khalati nitalipwa kwa salamu. Hapo mimi sina shaka.

Lakini khalati huyu, Mshauri, ndiye aliyeuza bangili yake ya dhahabu nikanunua karai langu la kwanza na mifuko ya unga. Hajawahi kuidai. Hata akija nyumbani haangalii karai lile, kwa makusudi, nisije nikaona kama ananikumbusha. Angekuwa anadai ingekuwa rahisi. Na kijana mwenyewe ameshajitangaza; kwenye status yake ameandika "Meneja." Nikimwondoa, mtaa mzima utauliza ameiba nini, kama walivyouliza kwa binti wa Likoni. Sitaki kumfanyia mtu wa pili jambo lile lile, na huyu wala si mwizi. Hajui kuhesabu haraka, na hawezi kumnyima rafiki.

Nimefikiria kumpa kazi ya kupeleka: abebe mahamri ya ofisi kwa tuktuk, azungumze na watu, atafute ofisi nyingine, alipwe kwa kila oda mpya anayoleta. Midomo anayo. Pesa asizishike, ziingie moja kwa moja kwenye till yangu ya M-Pesa. Mume wangu anasema nikimwambia hivyo ni kumtusi, ni kama kusema hatumwamini na pesa. Mimi naona nisipomwambia ndipo nitakapomtusi baadaye, siku ya kumfukuza.

Jambo jingine ni namna ya kumjua mtu kabla ya kumwajiri, maana kama binti hatarudi itabidi nianze tena na benchi. Rafiki yangu anayeuza nguo ananiambia nidai cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, wale polisi wa upelelezi. Ni 1,050 kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ukapigwe alama za vidole Huduma Centre. Cheti cha afya cha wanaoshika vyakula ni lazima, hicho sibishani, na kinafanywa upya kila miezi sita. Lakini hiki cha polisi, mtu hana kazi, atoe elfu moja ili aje akae kwenye benchi langu na wenzake kumi? Na kitaniambia kama ana kesi, hakitaniambia kama mteja akitoa noti ya elfu kwa mahamri manne na chai mbili atarudishiwa ngapi. Nilikuwa nafikiri badala yake nimweke kila mmoja asubuhi moja, saa kumi na moja mpaka saa tatu, nimlipe asubuhi yake hata nisipomchukua, mimi nikae kando nitazame. Aandike yaliyotoka, kisha tuhesabu pamoja. Na nimpigie simu mtu aliyefanya naye kazi, nisimuulize kama ni mwaminifu, nimuulize siku pesa ilipopungua alifanya nini. Je, hayo yatosha, au kuna ninachokosa kuona tena? Mimi macho yangu siyaamini kama zamani.

Kwa hivyo nakuuliza. Nimkubalie binti masharti yake yote matatu, hata lile la daftari ambalo litaniletea ugomvi na mume na mama mkwe? Au nimrudishie pesa zake, nimwombe radhi, nimwache na kazi yake ya Likoni, nitafute mtu ambaye hajui siri za nyumba yangu? Mara nyingine nashuku kwamba naogopa kumrudisha kwa sababu hiyo tu, kwamba anatujua. Na akirudi, radhi nimwombe wapi? Nilimfukuza mbele ya watu. Kwenye simu niliona ni rahisi mno.

Na khalati nimwambie nini, kwa maneno gani? Hapo ndipo nisipojua kabisa hata pa kuanzia. Nijibu mapema ukiweza. Kila Ijumaa baada ya sala huja kula kwangu, na Ijumaa hii kijana amemwambia atakuja naye.

Wako,
Muuza mahamri, Majengo, Mombasa