Alitoa Mtaji: Wito wa Harambee ya Bweni la Wasichana, Mwambao wa Kigoma

Ndugu zetu wa mwambao, mlioko nyumbani na mlioko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, tunawasalimu kutoka mwisho wa reli.

Sisi ni akina mama wachuuzi wa dagaa, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mnatujua. Ndio tunaopokea mitumbwi alfajiri, tunatandaza dagaa mchangani jua likichomoza, tunafukuza kunguru mpaka mchana. Safari hii hatuuzi kitu, tumekuja kuomba. Tunajenga bweni la wasichana katika shule yetu ya sekondari ya kata, na boma limefika kwenye lenta likasimama.

Juzi, tukichambua dagaa, niliwasimulia wenzangu habari za mama mmoja wa Seattle, Marekani, Priscilla Collins, ambaye watu walizoea kumwita Patsy. Alizaliwa mwaka 1920. Mama yake, Dorothy Bullitt, alifiwa na mume mwaka 1932, wakati uchumi wa Marekani umeanguka vibaya, akabaki na watoto watatu na majengo ya biashara ya familia mikononi mwake. Akayasimamia. Mwaka 1947 akanunua kituo cha redio, na mwaka 1949 akanunua cha televisheni, wakati nyumba nyingi hapo mjini hazina hata hicho chombo cha kutazamia. Ndivyo ilivyokua kampuni ya King Broadcasting. Wenzangu walinisimamisha hapo: mjane, watoto watatu, halafu redio! Wajane ni wengi kwetu. Ziwa linachukua.

Patsy alikuja kuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo kwa miaka mingi. Mama yao alipofariki mwaka 1989, haikupita miaka mingi yeye na mdogo wake Harriet wakaiuza. Fedha nyingi zilikwenda kwenye mfuko wa familia, uliokuwa ukitunza mazingira ya upande ule wa Marekani. Redio yao ya muziki wa klasiki hawakuiuza. Waliitoa bure ili mapato yake yasaidie sanaa za mji. Kisha Patsy akamgeukia mtoto wa kike. Sehemu kubwa ya mali yake alilipatia shirika la misaada la CARE ili wasichana wa nchi maskini wasome, na mfuko wenye jina lake umefanya kazi hadi Tanzania. Alifariki mwaka 2003.

Bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Huyo alitoa faida au alitoa mtaji?"

Nikamjibu, mtaji. Akauweka ungo chini. Nadhani mchuuzi yeyote anaelewa kwa nini. Faida ukiitoa, kesho unaamka unarudi mwaloni. Mtaji ukiutoa, biashara umeikabidhi kwa watu ambao hutawaona.

Sasa niwaambie kwa nini tunajenga. Tangu ada ya sekondari ifutwe mwaka 2016, mabinti wamejaa darasani, na tunashukuru sana. Lakini wengi wanatoka vijiji vya ufukweni ambako barabara hakuna, njia ni boti tu, kwa hiyo wanapanga mageto. Nilikwenda kumtazama mpwa wangu kwenye geto lake. Wanne, godoro moja, jiko la mkaa pembeni ya madaftari. Mlango hauna komeo. Wanaufunga kwa kipande cha kamba ya nyavu, wameviringisha kwenye msumari. Nilikigusa kile kikamba. Kimelainika kwa kufungwa na kufunguliwa. Mtoto wa kidato cha pili analala nyuma ya kikamba, na nje wanapita watu wa kila aina. Serikali imeruhusu tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua arudi shule, na ni jambo jema. Sisi tunataka pia asitoke kabla hajamaliza.

Bweni hili tumelianza wenyewe. Kila giza, mwezi ukikosekana na wavuvi wakaingia na taa zao, kila mama aliweka kando sado moja la dagaa. Msingi wote ni dagaa. Akina baba walibeba mawe na mchanga kwa mitumbwi bila kudai senti. Halafu mwaka 2024 ziwa likafungwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hatulalamiki, maana ziwa lisipopumzika tutavuna nini? Ila miezi mitatu hapakuwa na sado, hapakuwa na fundi, na mvua zikalikuta boma halina kofia. Tofali za juu zimeanza kulika. Mvua za msimu mwingine zikilipata hivyo, tutabomoa kozi mbili na kuanza upya.

Tunachohitaji ni mbao za kenchi, mabati, misumari, saruji ya sakafu, na milango yenye makomeo ya ndani. Makomeo msiyasahau. Asiye na uwezo wa bati alete kilo ya misumari. Aliye mbali atume kwa treni, tutapokea stesheni. Fedha zipelekwe ofisi ya mkuu wa shule, ambako bodi inatoa risiti, na kila kinachoingia kinaandikwa kwenye ubao wa matangazo, mpaka msumari.

Harambee yenyewe itakuwa uwanjani pa shule, Jumamosi ya mbalamwezi ijayo, wavuvi wakiwa nchi kavu. Njooni na watoto.

Yule bibi hakungoja siku hiyo. Kesho yake alimletea mweka hazina fedha alizokuwa amezifunga kwenye pindo la khanga, za kununulia dagaa wa giza linalofuata. Tulimrudishia nusu kwa kumbembeleza sana. Jina lake ndilo la kwanza kwenye daftari, na mistari iliyo chini yake bado iko wazi.