Dendrima si dema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja katika makala ya sayansi mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu dendrima, yaani zile polima (molekuli kubwa za vipande vilivyoungana) zinazoota matawi kutoka kwenye kiini, kila tawi likizaa mawili. Mwandishi alieleza kwamba dawa ikishaingia katikati ya matawi hayo hufungiwa humo mpaka ifike penye ugonjwa. Hiyo ni sifa ya dema, ambamo samaki akiingia hatoki. Dendrima ya kawaida haiko hivyo.

Molekuli ndogo hukaa ndani kwa kuwa imepata mahali panapoifaa: isiyopenda maji hujificha humo, na yenye asidi huvutwa na amini, yaani vikundi vya atomi vyenye nitrojeni, zilizo kwenye maungio ya matawi. Wageni hao huingia na kutoka wakati wote, na wangapi watabaki hutegemea kimiminika kilichoizunguka dendrima. Watafiti wa Marekani walioripoti mwaka 2005 kuhusu methotrexate, dawa ya saratani, waliona kwamba katika maji matupu dawa ilitulia ndani, lakini katika maji yenye chumvi ilitoka upesi, ilhali ile iliyoungwa na dendrima kwa kifungo cha kikemikali haikubanduka. Na damu yetu ina chumvi.

Ili mgeni anaswe kweli, sharti ganda lijengwe. Ninapofundisha kemia huchora ubaoni matawi ya dendrima yenye ncha 4, kisha 8, 16, 32, na nikifika 64 chaki haina tena pa kupita. Hapo wanafunzi huelewa kilichofanywa Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1994. Mkemia Bert Meijer na wenzake walipachika kwenye kila moja ya ncha hizo 64 asidi amino iliyovikwa kikundi kinene cha atomi, ganda likasongamana, na rangi zilizokuwamo wakati wa ujenzi zikanaswa. Baadaye walifungua kwa hatua. Asidi ya fomiki, ileile ambayo baadhi ya sisimizi hujihami nayo, iliondoa vile vikundi vinene, molekuli ndogo zikapenya nje, lakini rose bengal, rangi yenye molekuli kubwa, ilibaki mpaka ganda lote lilipovunjwa kwa kuchemshwa katika asidi kali ya haidrokloriki.

Njia hiyo haiwezekani mwilini. Linalonipa matumaini zaidi ni kwamba damu ina pH (kipimo ambacho kikishuka, asidi huzidi) ya karibu 7.4, huku baadhi ya vijifuko ndani ya seli vikishuka hadi karibu 5. Humo amini za ndani hupokea protoni, chembe zenye chaji chanya, matawi yenye chaji sawa husukumana, na mgeni asiyependa maji hukosa maficho.

Wapo wasomaji wako wanaouguza ndugu zao, na makala kama ile huisoma kwa matumaini makubwa. Mkiandika tena, naomba mtaje dawa imeshikwa kwa njia gani, na ilipimwa katika kimiminika gani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Tanga