Khedive Ismail haikuwa manowari

Ndugu Mhariri,

Ikitajwa Khedive Ismail, meli iliyozama na vijana wetu wa Afrika Mashariki tarehe 12 Februari 1944, wengi huiita manowari ya Mwingereza. Haikuwa manowari, na jina hilo huficha sababu iliyofanya watu wengi kiasi kile wafe.

Ilikuwa stima ya abiria na mizigo ya tani 7,513, iliyoundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile na kuitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa nchi hiyo wa karne ya 19. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ikaichukua kwa ajili ya vita. Kuchukuliwa huko ni kukodishwa kwa lazima: mwenye meli analipwa, mabaharia wanabaki raia, na uendeshaji unakabidhiwa kampuni yenye uzoefu. Hii ilikabidhiwa British India, ambayo meli zake watu wa Mombasa na Zanzibar walizizoea.

Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano za askari. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki; wengine walikuwa mabaharia, askari wa majini, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi.

Tarehe 12, karibu na Maldivi, mnamo saa nane na nusu mchana, wengi walikuwa ndani wakitazama burudani. Nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga kwa makombora mawili ya majini: moja chumba cha mashine, la pili chumba cha maboila. Manowari hugawanywa ndani kwa kuta nyingi zisizopitisha maji. Stima ya biashara ina vyumba vichache vikubwa, na hivyo viwili vya katikati vikijaa maji kwa pamoja, hakuna kinachoielesha tena. Ngazi kuu nayo iliporomoka, waliokuwa chini wakakosa pa kupandia. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Hata mashua za kuokolea zingekuwa nyingi namna gani, muda wa kuzishusha haukuwapo.

Waliofika majini nao hawakuwa salama. I-27 ilijificha chini yao, na Petard, mojawapo ya manowari zilizolinda msafara, ikaangusha mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, palepale watu walipokuwa wakielea. Uamuzi huo bado unabishaniwa. Lakini nyambizi ikiachwa, meli nne zilizobaki zingewindwa. Paladin, manowari nyingine ya ulinzi, ilipojaribu kuigonga nyambizi hiyo ilipoibuka, ikapasuliwa ubavu. Petard ndiyo iliyoizamisha hatimaye, kwa kombora lake la saba.

Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Askari wetu hawana makaburi. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi.

Atakayeandika tena aiite meli ya abiria iliyobebeshwa askari. Manowari siku ile zilikuwa tatu, Hawkins, Petard na Paladin, na zote tatu zilifika bandarini.

Msomaji,
Mombasa